Betri Aliyoichagua Mama Amisa

Ijumaa, 21 Novemba 1975, Kolwezi

Leo ni siku ya kumi na tatu tangu mume wangu Swedi atutoke, na tayari nimechoka kuhesabu kwa vidole. Nimechukua daftari lake la safari, ambalo hakulijaza hata nusu, niandike nisije nikaota kutu. Eda ni miezi minne na siku kumi. Sitavuka lango la ua mpaka katikati ya Machi, mvua zikiwa zinaelekea ukingoni. Sijipambi, sijifukizi, na mwanamume asiye ndugu sisemi naye ila kupitia pazia, tena maneno yangu ayabebe mtu mzima.

Mtu mzima mwenyewe ni mama mkwe wangu, Mama Amisa. Alikuja na shemeji Alfani kutoka Likasi siku ya msiba, akatandika mkeka wake mlangoni mwa chumba changu, na hajaondoka. Nikienda jikoni ananifuata kwa macho. Nikiandika anakohoa. Nadhani Alfani amemweka hapo anilinde nisihamishe vitu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Uani liko gari la Swedi: Fiat Spider nyekundu, viti viwili, paa la turubai. Alilinunua kwa Mgiriki wa duka la mikate aliyefunga virago mwaka jana. Mtaa mzima ulimcheka, mtu wa malori kununua gari lisilobeba hata gunia la mihogo. Yeye akawajibu, "Hii haiko ya kubeba mihogo, iko ya kubeba Mwamini." Humo alinifundisha kuendesha, Jumapili asubuhi kwenye lami ya uwanja wa ndege, na hakunipigia kelele hata siku nilipomgonga mbuzi wa mapadri. Hatukujaliwa mtoto. Nalipenda gari hili, na sioni aibu kuandika hivyo.

Jumapili, 23 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Mama Amisa anakohoa.

Jumanne, 2 Desemba

Kikao cha mirathi. Mwalimu Amadi wa msikitini alikaa sebuleni na shemeji Alfani, kaka mkubwa wa Swedi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, Mama Amisa katikati yetu mlangoni. Lori walilokuwa nalo ndugu wawili linabaki kwa Alfani, na sikupinga. Vyombo vya nyumba ni vyangu. Kisha Alfani akafika kwenye gari.

"Ile motokari ilishakufa," akasema. "Batri ilikufa mbele ya mwenyewe kukufa. Nitaibeba juu ya lori, niipeleke Likasi. Mama Mwamini nitamupatia mashini ya kushona."

Cherehani! Nikamnong'oneza Mama Amisa, "Waambie gari nalitaka mimi. Halijafa." Akakohoa, akasafisha koo, kisha akasema kwa sauti: "Anasema haiyakufa."

Walibishana hadi adhuhuri. Mwisho Mwalimu Amadi akakata shauri. "Siku eda inaisha, kama motokari inatoka mu lupango kwa nguvu yake yenyewe, inahesabiwa mu fungu la mujane. Hakuna kusukuma, hakuna kuazima batri ya wengine. Kama haitoke, Alfani anabeba." Lupango ndio ua wetu huu. Alfani akakubali haraka sana. Mtu hakubali hivyo ila anapojua ameshashinda.

Ijumaa, 5 Desemba

Nilifungua gari, nikazungusha ufunguo. Tak. Basi. Hata taa hazikuonyesha dalili.

Jumanne, 9 Desemba

Jirani yetu Ngeleka, anayefanya kazi kwenye matangi ya asidi kiwandani, amesikia shida yangu. Amekuja na dumu lake. Nilimwambia Mama Amisa amuulize kama anajua anachofanya. Ngeleka akacheka hadi nikamsikia bila mpashaji habari.

"Asidi ni asidi, mama. Ile ya usine inakulaka mawe. Itashindwa batri?"

Akaimwaga yote katika betri kuukuu, akaipeleka kwa fundi mmoja kuichaji, akairudisha jioni. Taa zikawaka! Mama Amisa alifumba mdomo kwa kiganja kuzuia kigelegele, kwa sababu ni nyumba ya msiba. Nilimwona kwa mara ya kwanza akitabasamu, na nikashangaa kwamba anafanana na Swedi.

Jumatano, 10 Desemba

Asubuhi taa hazikuwaka. Ngeleka ameongeza asidi.

Alhamisi, 11 Desemba

Vile vile.

Jumamosi, 13 Desemba

Idi ya kuchinja. Alfani ametuletea paja la mbuzi. Alipotoka sebuleni hakwenda langoni, alikwenda kwenye gari. Alifungua mlango wa dereva, akaketi na kushika usukani kwa mikono miwili. Nilichungulia nikidhani anakagua mali yake. Alikuwa analia. Kichwa kimeinama, mabega yanatikisika, mwanaume mzima mwenye ndevu za mvi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia masika yote, na sasa hata hilo limeniharibikia.

Jumamosi, 20 Desemba

Leo amekuja fundi umeme wa magari, Tata Kabeya. Zamani aliitwa Stanislas, kabla serikali haijatutaka tuwe na majina ya asili, na wazee wengine bado wanamwita hivyo kwa siri. Ni mzee mrefu, vidole vimechunwa na asidi mpaka vimekuwa vyeupe. Alisimama nje ya dirisha langu, mimi ndani, Mama Amisa baina yetu kwenye kigoda. Sote watatu tulisikiana vizuri kabisa, lakini sheria ni sheria.

"Mumuulize mama kama ile asidi ilitoka wapi," akasema Tata Kabeya.

"Anauliza asidi ilitoka wapi," akasema Mama Amisa.

"Kwa Ngeleka, kiwandani," nikasema.

"Kwa Ngeleka, mu usine," akasema Mama Amisa.

"Nilisikia," akasema Tata Kabeya, na nikauma upindo wa ushungi nisicheke.

Akaomba dumu la Ngeleka. Akatoa msumari mpya mfukoni, akausugua kwenye jiwe hadi ukang'aa, akautumbukiza kwa uzi katika masalio ya ile asidi, akangoja. Alipoutoa ulikuwa mwekundu kama sufuria ya harusi.

"Munaona? Mukuba," akasema. Mukuba ndiyo shaba, na hapa Kolwezi nani asiyeijua. "Ile dumu ilibebaka maji ya matangi. Mukuba imeingia ndani ya batri, inakunywa moto wake yenyewe usiku na muchana. Hii batri ilikufa, kisha banaiua tena. Munatafuta ingine."

Ngeleka alikuwa amesimama langoni. Aliinamisha kichwa kama mwanafunzi. Akasema, "Miaka kumi na mbili niko mu asidi, mi sikujua." Nilimhurumia, maana alitaka mema. Mji mzima huu ungefanya kosa lile lile.

Jumapili, 4 Januari 1976

Alfani amekuja na betri ya lori. Wanaume wawili waliishusha. "Inakuwa yake kabisa, si ya kuazima," akasema. "Kesho musiseme niliwanyima." Sijui ni wema au ni kejeli, pengine vyote viwili.

Katika gari hili betri hukaa nyuma, ndani ya kisanduku cha bati kwenye sehemu ya mizigo. Betri ya lori haikuingia hata kwa pembe. Ngeleka akashauri ifungwe kwa kamba juu ya kiti. Tata Kabeya akakataa katakata. Betri ikipata chaji hupumua, akasema, ndiyo maana kisanduku kile kina mpira mdogo wa kutoa hewa yake nje. Ukiiweka mahali pengine, asidi itakula viti na siku moja cheche itakula watu.

Tangu nianze kukaa ndani, kila mtu anaamini kubwa ndiyo bora. Ni Tata Kabeya peke yake anayeuliza, bora kwa nani?

Jumatano, 14 Januari

Tata Kabeya ametuagiza tuweke beseni jeupe la plastiki juu ya meza katikati ya ua, mbali na paa, tukinge mvua. Maji ya bomba yana chumvi, na ya kwenye mabati yameramba mabati. Betri hunywa maji ya mbinguni tu, na iwe baada ya mvua kuosha hewa kwa saa nzima. Mwezi wa kumi na mbili ningesema mzee kachanganyikiwa. Sasa Mama Amisa anakaa na fimbo akifukuza kuku wasikaribie beseni, nami ninachuja kwa kitambaa safi.

Ijumaa, 30 Januari

Hakuna betri mpya mjini. Tangu vita vya Angola vifunge reli ya Lobito, maduka yamebaki na rafu tupu. Ila Tata Kabeya amepata habari kwamba Muamba, mfanyabiashara wa Kasaji, anazo tatu zilizoteremshwa na treni ya mwisho kutoka Lobito. Nani aende? Mguu wa Tata Kabeya umevimba. Ngeleka yuko zamu, na baada ya yale ya msumari hajiamini hata kununua chumvi. Mimi nimefungwa na eda.

"Nitaenda mi," akasema Mama Amisa.

Ana miaka sitini na kitu, kifua hakimpi raha, na hajui kusoma. Nilimwambia hilo la kusoma kwa adabu yote niliyo nayo.

"Na batri, inajua kusoma?" akaniuliza.

Jumanne, 10 Februari

Masomo kila siku. Mama Amisa amechana upindo wa kitenge, akapima kisanduku cha betri na kufunga mafundo: fundo moja urefu, mawili upana, matatu kimo. Tata Kabeya anamfundisha pale dirishani, na siku hizi husahau hata kuniambia mimi.

Betri ina vichwa viwili vya risasi, cha plus, yaani chanya, ni kinene kuliko cha moins, yaani hasi. Kwa hiyo macho hayahitajiki, vidole vinatosha. Ukiigeuza betri vichwa vikiwa upande wako, kinene lazima kiwe mkono wa kulia, la sivyo waya wa gari hautafika. Vifuniko viwe vimezibwa kwa nta ya kiwandani, havijaguswa. Na la mwisho, ambalo Mama Amisa alilirudia mara tatu kwa furaha: betri njema ni ile nyepesi. Iliyokauka tangu ilipotengenezwa haina asidi, haijaanza kuzeeka. Nzito ni kwamba mtu ameshaijaza, na huwezi kujua alijaza nini.

Nilimtega kwa betri mbili mbovu za Tata Kabeya, macho yake yakiwa yamefungwa kwa leso. Hakukosea hata mara moja. Nilimpigia makofi, kisha nikakumbuka niko msibani.

Alhamisi, 19 Februari

Kesho anaondoka. Leo tulikuwa tunamenya mihogo, nikamwuliza kile nilichokuwa nacho rohoni tangu Desemba. Alfani ni mwanawe. Kwa nini anafanya haya dhidi ya mwanawe?

Alimenya muhogo mzima kabla ya kujibu.

"Bwana yangu alikufa kule Kasongo, Alfani eko mutoto mudogo, Swedi ndani ya tumbo," akasema. "Nikaikala eda ndani ya nyumba. Bashemeji bakakuya. Nikasikia banabeba mashini. Nikasikia banabeba mbuzi. Nikasikia banaondosha mulango ya stoo. Mi niko ndani, nasikia tu. Siku eda iliisha, nilitoka na mukeka."

Mkeka ule ule anaoulalia. Nilidhani uliwekwa mlangoni kunilinda nisitoe kitu. Kumbe aliuweka watu wasiingie. Nilimwomba msamaha kwa yote niliyomfikiria, akasema tumalize mihogo kwanza.

Ijumaa, 20 Februari

Amepanda treni na kikapu na kile kitambaa chenye mafundo kimefungwa kiunoni.

Jumapili, 22 Februari

Mvua.

Jumanne, 24 Februari

Mvua. Nyumba bila kikohozi chake ni kubwa mno.

Ijumaa, 27 Februari

Ngeleka anasema maji yamekula reli upande wa Mutshatsha. Treni haziji wala haziendi.

Jumatatu, 1 Machi

Mvua. Kawia ufike, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa wanangoja mama mkwe mwenye kifua.

Jumatano, 3 Machi

Alfani alikuja kumsalimia mama yake na hakumkuta. Jumba bovu likaniangukia mimi. Hakungoja mtu wa kupasha, alisema na pazia moja kwa moja.

"Umemutuma mama yangu mu mvua? Juu ya batri?"

Nilimwambia ukweli: kwamba alijituma mwenyewe, na kwamba nilipaswa kukataa na sikukataa, kwa sababu nililitaka gari. Kisha akasema, taratibu, "Kama mama anapata kintu, hata motokari makumi haitatosha." Akatoka. Nikasikia lori likiwaka na kuelekea magharibi, kwenye barabara ambayo msimu huu hata nguruwe hapiti bila kuzama.

Niliswali mpaka magoti yakauma. Nilimwambia Mungu achukue gari, aniletee mama. Nilisema hivyo kwa moyo wangu wote.

Jumapili, 7 Machi

Hakuna habari.

Jumatano, 10 Machi

Wamerudi!

Lori limejaa matope mpaka kioo. Mama Amisa aliteremka kwa miguu yake mwenyewe, amekonda, anakohoa, anaamrisha. Na nyuma yake Alfani, jicho jekundu kwa kukosa usingizi, amebeba kisanduku cha mbao kifuani. Betri. Ameibeba mwenyewe kutoka Mutshatsha, mtu ambaye betri hiyo ndiyo itakayomnyang'anya gari. Aliiweka barazani, akanawa, akaswali, akalala palepale.

Alfani alimkuta mama kwenye kibanda cha stesheni ya Mutshatsha, amekalia kisanduku siku ya tisa, akigawiwa uji na wanawake wa Kilunda. Watu walimshauri aache mzigo aondoke na wapita njia. Alikataa. "Nilibaambia mi sibebe mutu, nabeba batri, na batri haitembeake."

Na jinsi alivyoichagua! Muamba alimwekea mezani ile kubwa yenye karatasi ya rangi inayong'aa. Mama akaifunga kitambaa, mafundo yakagoma, akaisukuma. Ya pili mafundo yalikubali, kinene mkono wa kulia, Muamba akaisifu kwamba ni nzito, imara. Akaiinua, akairudisha. "Hii umeshainywesha," akamwambia, na mwenye duka akatazama chini. Ya tatu ilikuwa chini ya magunia, na vumbi juu yake kama unga. Aliipima, akapapasa vichwa, akapitisha ukucha kwenye nta ya kila kifuniko, sita vyote. Kisha akaiinua kwa mkono mmoja. Wanaume dukani wakacheka: bibi anachagua nyepesi ili asichoke! Akawaacha wacheke.

Nimewajua walimu wa shule, watawa waliosoma Ulaya, makarani wa kampuni. Sijamwona mtu anayejua kitu kwa ukamilifu kama mama huyu anavyoijua betri.

Ijumaa, 12 Machi

Tata Kabeya amekuja na chupa ya asidi safi iliyozibwa, aliyoitunza miaka miwili kwa kazi ya maana. Aliimimina asidi ndani ya maji yetu ya mvua, tone kwa tone, kamwe si maji ndani ya asidi. Akangoja ipoe, akajaza vyumba sita. Kisha akatoa kipimo chake, bomba la kioo lenye chelezo kinachoelea ndani, akampa Mama Amisa avute. Kikaelea palipotakiwa. Mama alikitazama kwa muda mrefu.

"Mutoto eko mwema," akasema.

Jumatatu, 15 Machi

Eda imekwisha. Alfajiri Mama Amisa aliniogesha, akanisomea dua, akanivika nguo nyingine. Saa tatu walikuwepo wote langoni: Mwalimu Amadi, Tata Kabeya kwa fimbo yake, Ngeleka, na Alfani aliyesimamisha lori lake nje, kamba tayari juu yake. Neno ni neno.

Mama Amisa aliingia kiti cha pembeni bila kuulizwa. Nikazungusha ufunguo. Injini ikaunguruma mara moja, sauti ile ile ya Jumapili, na machozi yakanitoka nikashindwa kuona lango. Nikaachia klachi vibaya. Tukaruka mbele kama chura, na gari likazima, magurudumu ya mbele barabarani, ya nyuma bado uani.

Alfani alimtazama Mwalimu Amadi.

"Haiyatoka," akasema Mwalimu.

Ufunguo ukanitoka mkononi. Mama Amisa aliuokota, akauweka kiganjani mwangu, akafunga vidole vyangu juu yake. "Hiyo niliichagua mi mwenyewe," akasema. "Zungusha tena."

Nikazungusha. Ikawaka.

Tulitoka. Tulipita kando ya lori, na Alfani akasema kwa sauti, watu wote wasikie, "Imetoka. Ni yake." Kisha akaanza kukunja kamba zake, akatugeuzia mgongo kidogo.

Barabarani nikasimama. Miezi minne sikuwa nimeona mtaa. Kushoto ni soko, kulia ni barabara ya Likasi, na sikuwa nimefikiria hata siku moja ng'ambo ya lango.

"Mama, twende wapi?"

Nikadhani injini imemeza sauti yangu, nikauliza tena.

"Nilisikia," akasema. Alikuwa anatazama mbele, mikono mapajani. "Ni kwamba tangu banizale, hakuna mutu aliniuliza vile."

Nikangoja, mguu kwenye breki. Akatazama sokoni. Akatazama njia ya Likasi, akalitazama pia anga, lililokuwa jeupe bila wingu.

"Endesha tu mbele," akasema. "Pole pole. Ningali nafikiri."